Dawa ya Bibi Si ya Kugawa

Jumamosi, mvua tangu asubuhi. Hapa Kisenyi mvua ikishika hivi, hata mafundi wa gereji iliyo mbele ya nyumba yetu huacha kugonga mabati, na nyumba inakuwa na utulivu nisiouzoea.

Leo nimesema. Mimi, ambaye darasani najua jibu na bado sinyooshi mkono.

Nianze na Bibi. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na sasa anatakiwa ameze kidonge kimoja cha njano kila siku. Kliniki naenda naye mimi, maana daktari anazungumza Kiingereza na Kiganda, na Bibi husema Kiganda chake ni cha sokoni, hakifiki hospitalini. Daktari alinieleza taratibu. Saratani ya Bibi ni ya aina inayolishwa na homoni iitwayo estrojeni. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake huacha kuitengeneza, lakini mwili, hasa kwenye mafuta, bado hutengeneza kidogo. Kidonge kinazuia hicho kidogo.

Niliyapenda maelezo yale kama ninavyopenda hadithi nzuri. Nilimrudia Bibi njia nzima, ila neno hedhi nililiruka, naye akasema, "Kwa hiyo tunainyima futari."

Sasa jirani yetu. Nitamwita Mama Sumaya. Si jina lake, na ameniruhusu kuandika kwa sharti hilo. Ana duka la vitambaa, ana mtoto ambaye hajaanza shule, na ana uvimbe kwenye titi ambao hospitali ilishaupima na kusema ni saratani. Aliambiwa arudi aanze matibabu. Hakurudi. Alisema biashara, akasema mtoto, akasema baada ya sikukuu. Nadhani aliogopa tu.

Bibi akipika vitumbua, mimi ndiye ninayempelekea Mama Sumaya sahani yake, imefunikwa kitambaa. Naye siku akipika, sahani ile ile inarudi na chakula chake. Imekuwa hivyo tangu sijazaliwa. Leo nilipofika uani upepo ulikiinua kitambaa. Kando ya vitumbua kulikuwa na kipande cha karatasi ya vidonge, kimekatwa kwa mkasi.

Vidonge vya njano.

Nilirudi ndani nikauliza. Bibi hakuficha, kwa kuwa hakuona la kuficha. Siku moja anameza yeye, siku ya pili anamwekea jirani. Ugonjwa si ni ule ule? Tena tangu aanze dawa vidole vyake vinakakamaa asubuhi, basi siku ya jirani vidole navyo vinapumzika. "Nimwache mtu afe na dawa ninayo?" aliniuliza.

Sikuweza kumkasirikia. Alikuwa anafanya wema, na wema huo ungeweza kuwapoteza wote wawili.

Maana Mama Sumaya bado anapata hedhi. Najua, kwa sababu Alhamisi tulifunga pamoja, mimi na yeye, kulipa siku za Ramadhani ambazo hedhi ilituzuia kufunga. Bibi hana siku za kulipa, miaka mingi sasa. Na siku ile kliniki nilimuuliza daktari, kwa udadisi tu, kwa nini wanawake wote hawapewi dawa hii. Alisema kama ovari bado zinafanya kazi, kidonge hiki peke yake hakisaidii, na kinaweza hata kuzichochea zaidi. Kwa hiyo Bibi alikuwa anakosa nusu ya dawa yake, na Mama Sumaya anajiona ametibiwa huku uvimbe unaendelea.

Lakini neno hedhi sijawahi kulitamka mbele ya mtu mzima wa mtaani kwetu.

Nilimwomba Bibi tuongozane. Dukani hapakuwa na mteja, kwa sababu ya mvua. Niliweka sahani juu ya meza, nikavitazama vitumbua, nikasema: "Mama Sumaya, wewe bado unalipa Ramadhani. Bibi halipi. Dawa hii ni ya wasiolipa."

Walitazamana. Kisha Bibi akasema, "Endelea, daktari."

Nikaendelea. Nilieleza yote, estrojeni, ovari, mafuta, mpaka masikio yakaacha kunichoma. Mama Sumaya aliuliza, "Kwa hiyo mimi sina dawa?" Nikamwambia ipo, lakini ya kwake ataichagua daktari aliyempima, na daktari huyo hawezi kuichagua huku mgonjwa amekaa hapa dukani. Nilijisikia nimekuwa mkali. Nikaomba radhi.

"Usiombe," alisema. "Wewe hata kuku humfukuzi, leo unanigombeza mimi."

Alicheka kidogo, halafu akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Njiani Bibi aliniuliza, "Na vidole vyangu?" Hajawahi kumwambia daktari. Anaona haya kulalamika mbele ya mtu aliyemtibu. Kumbe haya zangu nimezirithi. Nilimwambia tutasema, daktari anaweza kupunguza maumivu au kubadilisha dawa, lakini si yeye kujipunguzia mwenyewe. Alimeza cha leo mbele yangu na kunitolea ulimi kama mtoto, nihakikishe.

Alasiri sahani imerudi. Chini ya kitambaa kulikuwa na maandazi, bado ya moto, na vidonge vyote ambavyo Mama Sumaya hakuwa amemeza.

Jumatatu tunakwenda watatu. Itabidi nimwombe mwalimu ruhusa, kwa mdomo wangu mwenyewe. Sijui daktari atasema nini kuhusu siku alizoruka Bibi, wala uvimbe umefika wapi. Naogopa. Lakini kila watakachouliza nitakitafsiri, na kila watakachojibiwa nitakirudisha kizima, hata neno lile.

Nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Hedhi. Hedhi. Mara ya tatu halikunitisha tena.