Bakteria wa Mwaniki

Kilifi

Kwako Kaka Kaimenyi,

Mimi ni mzima, ila joto la huku halizoeleki. Natumaini majani chai yanachumika huko Nkubu na mguu wa mama umepoa.

Uliniuliza kuhusu bakteria wangu wa baharini. Hutoa kimeng'enya kinachovunja wanga, kama mate yetu yanavyouvunja tunapokula nduma. Tunawalisha wanga kwenye kisahani, kisha tunamwaga iodini. Wanga hugeuka mweusi, na palipoliwa hubaki duara safi; likiwa kubwa, bakteria ni hodari.

Kaka, lile duara kubwa nililokuandikia kwa kujivuna halikuwa langu. Lilikuwa la Mwaniki, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kianjokoma. Alipoenda kumzika baba yake, nilibandua jina lake kwenye kisahani chake nikabandika langu.

Aliporudi alikitazama kisahani, akasema polepole, "Gladwell, ungeniomba tu, tungefanya pamoja."

Heri angenitukana. Siku hiyo hiyo nilikiri kwa mwalimu wetu. Kazi imerudishwa kwa mwenyewe, nami naanza upya mwaka mzima.

Najua ulinisifu mbele ya kanisa. Jumapili waambie ukweli. Ukiona haya kuusema, wasomee barua hii.

Ni mimi dadako, niliyekuaibisha,
Gladwell