Mikoba Minne, Watu Watano

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie maana sikai nikatulia.

Mimi ni fundi cherehani, nina mume na mabinti wawili, na mama mkwe tunaishi naye, chumba cha nyuma, anatembea kwa kushika ukuta. Tangu nyumba ya jirani iungue mchana kweupe kwa jiko la gesi sina raha, kutwa nanusa hewa, nakagua mtungi, nikikaa nainuka, basi nikashona mikoba ya dharura kwa mabaki ya mapazia, kila mmoja una tochi, maji, dawa na nakala za vyeti, nikaitundika mlangoni, na Jumamosi baada ya chakula cha mchana nikapuliza filimbi tufanye zoezi, tukatoka mbio hadi getini, dakika moja na nusu, mume wangu akanipigia makofi, kichwa kikanivimba, hadi binti mdogo alipouliza bibi yuko wapi.

Tulimkuta ameketi kitandani, viatu amevaa, anatusubiri. Ndipo nilipohesabu mikoba: nilishona minne. Hakugomba, alisema tu, "Siku ya moto wenyewe msihangaike na mimi, mwanangu. Wahini watoto." Sasa anaitikia salamu na kunyamaza, mume wangu anasema atasahau, nami juzi nimeshona mkono wa blauzi ya mteja mahali pa kola. Nifanye nini?

Fundi Nisiyetulia

*

Fundi, pole, hofu yako naielewa. Lakini wewe unayempima mteja hadi kifundo cha mkono, uliipimaje familia ukamruka mtu mzima? Na huyo mpiga makofi, aliyeachwa si mama yake? Eti atasahau. Thubutu!

Leo hii weka sindano chini, ingia chumbani kwake, useme, "Mama, nilikusahau, nisamehe." Usianze kujitetea. Kisha mhamishieni chumba cha mbele, karibu na mlango. Mabinti waende nyuma, miguu wanayo. Mumeo kazi yake iwe moja: filimbi ikilia, ambebe mama yake. Mtungi utoeni nje, mpira wake ukaguliwe na fundi wa gesi, uache kunusanusa. Mkoba wa tano ushone kwa kitambaa kipya, si mabaki, na umuulize mwenyewe anataka nini ndani.

Jumamosi rudieni zoezi, filimbi apulize mama mkwe mwenyewe. Na mkifika getini, kabla hamjatazama saa, hesabuni watu.