Kamba ya Mashoto

Shangazi yangu mpenzi,

Hatujambo, na paa halivuji tena. Ahsante kwa magome ya kamba uliyonitumia. Nimeyaloweka mpaka yakalainika, nikachambua nyuzi, nikaanza kusokota.

Unakumbuka ulivyonicheka? “Wee mashoto, kamba yako inakwenda kinyume!” Kila nilipoiunga na yako ilifumuka, lakini hukunilazimisha hata siku moja kutumia mkono wa kulia. Ahsante kwa hilo pia.

Tangu kiharusi kinipige, mkono wa kushoto haunisikii. Nabana ncha kwa vidole vya mguu, nasokota pajani kwa wa kulia. Jana niliunga kamba yangu na kile kipande chako ulichoacha msumarini. Nilivuta kwa nguvu zote, Shangazi. Haikufumuka.

Ni mimi, mashoto wako yuleyule.