Mlima Niliokuomba Unitunzie

Ndugu yangu Rama,

Watu wengi wakifika chini ya mlima mkali hufanya kosa moja: hutazama kilele. Ukitazama kilele, moyo unatangulia na miguu inabaki. Unakanyaga kwa pupa, pumzi zinakuishia katikati, halafu unashuka na kusukuma baiskeli huku ukiulaumu umri. Mlima haupandwi kwa macho ya mbali. Tazama gurudumu lako la mbele na kipande cha barabara kilicho chini yake, basi. Hayo nilikufundisha mimi, Rama. Nayaandika hapa mwanzoni ili ijulikane nani aliyasema kwanza, maana siku hizi wapo wengine wanaoyasema.

Najua ungenicheka. "Mwalimu kaanza," ndivyo ulivyosema kila nilipofungua mdomo, hata kama nilitaka kuomba chumvi tu.

Barua hii atakusomea binti yako Zaituni, hapo makaburini. Nimemwomba asome yeye, kwa sauti yake, na jirani yenu Keni asimame mbali kidogo. Sijui kama binti yako atatii. Ana kichwa chako.

Ulifariki wiki ile majivu ya volkano ya Iceland yalipofunga anga. Hapa Husby, Stockholm, mbingu zilikuwa tupu na safi, buluu ya kuudhi, bila ndege hata moja. Zaituni alinipigia asubuhi: "Baba mdogo, baba ametutoka." Nikaanza kuhesabu treni na meli. Ningekufikia huko Uingereza baada ya siku tatu au zaidi, na maiti haisubiri wasafiri. Nikamwambia, mzikeni, mwanangu. Wakakuzika kesho yake baada ya adhuhuri. Halafu Zaituni, kwa nia njema kabisa, akanisimulia ili anifariji kwamba Keni alivua kofia, akainama, akachukua udongo, akakutupia mara tatu kama walivyofanya wenzake.

Haikunifariji. Teko la kwanza la udongo, sawa, lilikuwa lake. Lakini la pili na la tatu, Rama, yalikuwa yangu.

Zaituni amezaliwa baadaye na hajui kila kitu, kwa hiyo nieleze. Tulipotoka Buyenzi, kwetu Burundi, tukikimbilia Tanzania, vijana wawili na baiskeli moja, mimi niliteguka mguu kwenye kilima cha mwisho. Ulitangulia kuangalia kama njia ni salama. Ukaufikia mpaka. Watu waliokuwa wanakimbia walikupita wakikupigia kelele, "Vuka, mwendawazimu!" Ukakaa upande wetu, baiskeli mapajani, mpaka nilipofika nikichechemea. Sikuwa na pumzi ya kukushukuru. Ukasema tu, "Mpaka hauvukwi peke yako." Tukavuka.

Tangu hapo ikawa desturi yetu. Hata hapa Sweden, ulipokuwa dereva wa basi na mimi nikifundisha Kiswahili watoto ambao hunijibu kwa Kiswidi, Jumamosi zetu zilikuwa za uwanda wa Järva. Pale mji wa Stockholm unapokwisha na Sollentuna kuanza kuna kibao. Anayefika kwanza hushusha mguu mmoja kabla ya kibao, anamngoja mwenzake, kisha magurudumu ya mbele yanavuka pamoja. Waliokuwa wakitembeza mbwa walitutazama kama wazee waliopotea. Ulikuwa unawapungia mkono.

Kisha Zaituni akapata kazi ya uuguzi Uingereza, ukamfuata kulea wajukuu, na mimi nikabaki na kile kilima cha kifusi nyuma ya mtaa wa Akalla, ambacho hakipandishi hata mapigo ya moyo.

Nakumbuka kiangazi cha kwanza nilipokuja kukutembelea. Tulikuwa kwenye kijia chembamba chenye ua wa miti pande zote mbili, alama ya barabara inaonya kuwa mbele kuna mwinuko mkali, na mimi nakueleza habari ya gurudumu la mbele. Likapita trekta likivuta tela la majani makavu. Ukanyoosha mkono, ukalidaka tela, ukaenda zako! Kama vijana wa Bugarama kule kwetu wanavyodandia malori wakiwa juu ya baiskeli, na mikungu yao ya ndizi. Dereva alipokuona kwenye kioo alipiga breki, akaruka chini, uso umemwiva, akidhani amekugonga. Alitaka kuita gari la wagonjwa. Ukamwambia, kwa Kiingereza chako cha mawe, kwamba kwenu lori ndiyo gia ya kwanza.

Yule dereva ndiye Keni. Kesho yake alikuja nyumbani kwa Zaituni na kofia mbili za kuendeshea baiskeli, na siku hiyohiyo akatupeleka kuona mipaka.

Nakiri, mipaka ya mikoa ya Waingereza ni elimu ya kupendeza. Mwanafunzi angedhani imechorwa na mlevi. Kijiji kinazungukwa na mkoa mmoja huku kimehesabiwa mkoa mwingine kwa karne kadhaa, kwa sababu tu askofu fulani alikuwa na shamba huko, na shamba lilimfuata askofu. Barabara moja, ua wa kushoto ni Herefordshire, wa kulia ni Worcestershire. Keni alituonyesha nyumba ambayo, kwa maneno yake, mwenyewe hupika mkoa huu na kulala mkoa ule. Wewe ulisimama pale ukatikisa kichwa. "Kwetu mpaka una bunduki," ulisema, "huku una kondoo."

Na juu kabisa, kwenye mgongo wa milima ya Malvern, ule mtaro wa kale. Mimi ndiye niliyewasomea habari zake, si Keni. Wanasimulia kwamba bwana mmoja mkubwa aligombana na askofu juu ya mahali pa kuwinda, akachimba mtaro kufuata kilele, na akauchimba kwa hila: kulungu wa askofu waweze kuruka kuingia kwake, lakini wasiweze kurudi. Ulicheka mpaka ukakaa kwenye nyasi. "Huyu bwana ana wivu kama wewe, Mwalimu!"

Chini ya mtaro huo kuna barabara inayoupanda mlima mpaka pale mwamba ulipokatwa ili watu wapite, na mpaka wa mikoa uko hapohapo kwenye mkato. Mvua ilituzuia kuipanda, na kesho yake nilikuwa na ndege. Nikakuomba kitu kimoja tu, na sikuwa mtu wa kukuomba vitu: mlima huu nitunzie. Ukasema, "Umetunzwa."

Miezi michache baadaye ukanipigia simu ukiwa na furaha tele. Wewe na Keni mmeupanda mpaka kwenye mkato, bila kushuka! Nilisema kadi ya simu inaisha. Haikuwa inaisha.

Kila kiangazi nilichokuja baada ya hapo tulipanda milima mingine. Wewe ulisema mkato unangoja siku nzuri na magoti yangu. Mimi nilisema moyoni: mlima uliokwisha kupandwa na Keni haunihusu. Hukujua, na sasa nakuambia. Nilimwonea Keni wivu kwa kila kitu. Nilimwonea wivu kwa upepo anaokujazia matairini. Nilimwonea wivu kwa kukaa ng'ambo ya kijia kutoka kwako, akiona taa yako ikiwashwa.

Mwisho wa Mei tulikusomea arobaini yako msikitini Fittja, huku Sweden. Keni akaja. Akashuka uwanja wa ndege wa Arlanda na sanduku kubwa la katoni, na ndani ya sanduku ilikuwamo baiskeli yako. Ilibidi alale kwangu, maana nyumba aliyofikia Zaituni ilijaa wageni. Nilipika mchuzi na kutia pilipili za Bujumbura, zile ambazo Waswidi huzigusa na kuomba maziwa. Nilitia kwa makusudi. Keni akala, akafuta jasho, akasogeza sahani aongezwe. Zaituni akaangua kicheko: "Baba mdogo, huyu baba alishamzoesha!" Hata pilipili zetu, Rama.

Msikitini alilia waziwazi, bila hata leso. Mzee mmoja Mganda alininong'oneza, "Mzungu wako anakushinda kulia." Nikamjibu kwamba si wangu.

Jumapili nikampeleka Järva. Yeye juu ya baiskeli yako, mimi juu ya yangu. Nilimwacha atangulie kwa makusudi. Nitakuambia nilichotaka: nilitaka avuke kibao. Avuke tu, kwa ujinga wa mgeni, ili nipate kusema moyoni, unaona, hajui lolote, si mwenzetu.

Nilipokata kona nilimwona. Amesimama kabla ya kibao, mguu mmoja chini, ananitazama.

Nilipomfikia hakuvuka. Alianza kulalamika. Unamjua anavyolalamika, taratibu kama mtu anayesoma hali ya hewa. Alisema ng'ambo ya mkato, kwenye mteremko wa Herefordshire, kuna duka la chai lenye keki anayoipenda kuliko zote. Alisema miaka yote uliyokaa pale mlipanda pamoja mara nyingi asizozijua idadi, na kila mlipofika kwenye mkato ulishika breki, ukashusha mguu, ukasema kwa Kiswahili ambacho ameshakijua kwa moyo: "Hapa pa Mwalimu." Kisha ukageuza mkashuka mlikotoka. Kwa gari mlipita. Kwa baiskeli hukuvuka hata mara moja. Kwenda kula keki mliuzunguka mlima mzima, mvua na jua. "Kusema kweli," akaniambia, "nilikuchukia kidogo. Kila mlima nilikuwa napanda na watu wawili." Akaongeza kwamba kila alipohema ulimwambia, Mwalimu anasema tazama gurudumu. Mwalimu anasema. Siku zote, Mwalimu anasema.

Nilikaa chini kwenye majani ya Sollentuna. Hapana, ya Stockholm. Tulikuwa bado hatujavuka.

Sitakudanganya kwamba wivu uliondoka. Ulihama tu. Zamani nilimwonea wivu kwa mlima. Sasa namwonea wivu kwa sababu yeye ameuona uso wako, mara nyingi asizozijua idadi, ukiwa umesimama mpakani unaningoja. Jumamosi za Järva zilikuwa mchezo; mimi niliuona hasa mara moja tu, tukiwa vijana, na nilikuwa nahema mno kuutazama vizuri. Nimemuuliza ulikuwaje. Alifikiri sana, akasema ulikuwa unatazama chini barabarani, kama mtu anayengoja basi ambalo ana hakika litakuja.

Rama, mara hii moja umevuka bila mimi. Najua hukupewa nafasi ya kushusha mguu. Ule mtaro ulioko huko kwako ni kama wa yule bwana: tunaweza kuingia, hatuwezi kurudi. Sina haraka nao, nawe usinihimize.

Lakini Agosti nakuja. Nitaanza kwako, niweke teko langu la udongo, na mtu asinihesabie yatakuwa mangapi. Kisha nitaupanda mlima nikitazama gurudumu. Magoti yakinishinda nitasukuma, lakini nitafika kwenye mkato, na nitavuka. Sitavuka peke yangu. Umenifundisha hilo wewe, na hapa naandika wazi nani alilisema kwanza. Upande wa pili nitakula hiyo keki, na kama si nzuri nitakuja kukueleza kwa nini.

Pumzika, ndugu yangu. Mungu akupanulie mahali pako, pasiwe na ua wala kibao.

Zaituni, mwanangu, ukimaliza kumsomea baba yako, leo hii, mwite Keni asogee karibu, umwambie anisubiri mpakani.

Mwalimu