Jicho Lilifumbuka Tungali kwenye Ngazi

Shangazi Mwanaheri, shikamoo.

Kadi hii ni ndogo na aibu yangu ni kubwa, ila nitaibana iingie. Ile kazi niliyoondoka nyumbani nikijigamba nayo imeniumbua. Ni filamu ya zamani isiyo na sauti wala kisa: magurudumu yanazunguka, ngazi inapanda yenyewe, kisha jicho kubwa linafumbuka. Nusu ya karatasi za muziki wake zilipotea, nasi tunajazia palipokatika kwa fidla na ganuni. Bi Zuhura, msimamizi wetu, anataka kila mlio ukae na picha yake, na jicho likifumbuka tunyamaze kabisa.

Jana alasiri tulijaribu mbele ya watu wa mjini hapa Bagamoyo. Tulipofika kwenye ngazi, mama mmoja akainuka akicheza, akanibandika kikuba cha asumini kifuani. Ningefanyaje? Kwenye taarabu yako ulinifunza kwamba anayekutuza hurudiwa ubeti. Nikaurudia. Akaja mwingine, nikaurudia tena, na wenzangu wakanifuata. Jicho likafumbuka, sisi bado tunapanda ngazi! Filamu ikaisha, pazia likabaki jeupe, ukumbi mzima umesimama unacheza.

Bi Zuhura alinitolea jicho kama lile la kwenye pazia. "Sefu, filamu haisubiri mtu!"

Onyesho lenyewe ni Ijumaa. Njoo, shangazi, nimekukumbuka mno. Najua mkono mtupu haulambwi, lakini safari hii nakusihi, njoo na mkono mtupu, bila hata kikuba cha kunituza.

Mwanao, Sefu