Nilimdunga Kilonzo Nikiwa Nimefumba Macho

Alhamisi, Nunguni. Ukungu umetukalia tangu asubuhi na sweta niliyofua juzi bado ni mbichi. Nimejikunja kitandani na kikombe cha uji, nataka kuandika ya leo kabla sijaanza kuyarembesha.

Leo nimedunga mtu.

Mtu mzima, mwenye damu yake. Kwa miezi mitatu hapa chuoni tumekuwa tukijifunza kutoa damu kwenye mkono wa plastiki ambao darasa zima linauita Wambua. Uzuri wa Wambua ni kwamba halalamiki. Nimemtoboa mpaka anavuja kwenye kiwiko, na mshipa nimeukosa mara nyingi kuliko nilivyoupata. Shida yangu ni moja: sindano ikikaribia ngozi, macho hujifunga yenyewe. Nina miaka thelathini na tisa, nimezaa watoto watatu, Mumo akiwa wa kwanza, kuku nachinja bila hata kuvua saa. Lakini sindano, hapana. Na sijawahi kumwambia mtu.

Mtihani wa leo ulikuwa wa kutoana damu wenyewe kwa wenyewe, wawili wawili. Ukianguka, wenzako wanaenda wodini Jumatatu, wewe unabaki na Wambua muhula mwingine.

Nilipangwa na Kilonzo. Huyu ni jamaa mrefu wa Tseikuru ambaye kabla ya kuja kusomea utabibu alikuwa akitibu mifugo ya watu huko kwao. Asubuhi yote alizunguka darasani akitutuliza kwamba mtu ni rahisi kuliko mbuzi, kwa sababu mtu hana pembe.

Alianza yeye. Akanishika mkono, akanipapasa bega, akasema, "Hoo, hoo, tulia," na kabla sijakasirika chupa ilikuwa imejaa. Sikuhisi kitu. Kusema kweli, nilimwonea wivu.

Kisha akaketi yeye, akakunja shati. Mishipa aliyo nayo huyo mtu! Imetokeza kama mizizi. Madam Ndanu, mwalimu wetu, akasimama nyuma yangu na karatasi ya alama. Nikafunga mkanda wa mpira, nikapaka spiriti, nikamwambia Kilonzo atasikia uchungu kidogo tu.

Nikafumba macho. Nikadunga.

Nilipofumbua, damu ilikuwa inaingia kwenye chupa vizuri kabisa. Nikainua uso nione Kilonzo anasemaje. Alikuwa ameikodolea ile chupa, uso umegeuka rangi ya jivu.

"Hii ni yangu?" akauliza.

Halafu akaanza kuteleza kwenye kiti, polepole, kama gunia lililoegemezwa vibaya.

Sijui mikono yangu ilipata wapi akili. Nilifungua mkanda, nikachomoa sindano, nikaitia kwenye kisanduku chake, nikabana pamba, huku nimemzuia kwa goti asigonge kichwa. Nikamlaza sakafuni na kumpigia kelele Mutheu, wa meza ya pili, amwinue miguu. Mutheu ni mfupi. Alipoiweka ile miguu begani alikuwa kama fundi aliyebeba ngazi.

Kilonzo akazinduka, akatutazama sote mmoja mmoja.

"Tafadhali," akasema, "Tseikuru wasijue."

Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Madam Ndanu akaniandikia nimepita, kisha akalitangazia darasa: "Mmemwona Mama Mumo? Huyo ana jicho la kazi."

Jicho!

Chakula cha mchana kilikuwa muthokoi, na mimi sio mtu wa kubakisha mahindi na maharagwe kwenye sahani. Leo nilibakisha. Nilikuwa namwaza mgonjwa wa Jumatatu, labda nyanya wa watu mwenye mishipa kama uzi, ananiletea mkono wake akiniamini. Nikasukuma sahani, nikarudi darasani. Madam alikuwa anapanga chupa kabatini. Nikamweleza yote.

"Ulifumba macho?"

"Ndiyo, Madam."

"Mawili?"

"Yote, Madam."

Aiya, nilijua atafuta zile alama, na akazifuta, kwa kalamu nyekundu, bila haraka. Kisha akakunja mkono wa sweta yake, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.

Mkono wenyewe ni mnene, hauonyeshi mshipa hata mmoja. "Dunga," akasema. "Mimi nitakuwa naangalia macho yako."

Nilipapasa muda mrefu. Mwishowe kitu kikabonyea chini ya kidole, laini kama mpira. Nikashusha sindano, na macho yakaanza kujifunga, nikayakatalia. Machozi yalinitoka kama ninayekata vitunguu. Niliiona ncha ikigusa ngozi. Niliiona ikiingia. Niliiona damu ikija.

"Madam, imekuja!"

Nikainua uso. Madam Ndanu, miaka yote hiyo ya kufundisha, alikuwa amegeukia ukutani, amekunja uso wote, kope zimebanwa utadhani ameingiwa na sabuni machoni.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado kidogo, Madam. Pumua."

Akapumua. Nikachomoa, nikabana pamba, nikaishikilia mpaka akathubutu kutazama. Ameniandikia alama upya, na mlangoni akaniambia nije mapema Jumatatu, wodi ya wanawake hujaa.

Nitaweza? Naona nitaweza. Hata nikiogopa, inaonekana sitakuwa peke yangu.