Kichwa cha Madamu Ndani ya Friza

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Lipo kwenye nakala ya kitambulisho, mtaani huitwa Mzee wa Lami
Umri: Miaka 49
Kazi: Dereva wa lori la mifugo
Makazi: Chumba cha pili nyuma ya gereji, barabara ya machinjio

Nimeonywa kwamba nikisema uongo hapa nitashtakiwa. Nimekubali. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha, lakini barabara imenisomesha. Nimevuka mipaka mitatu na ng'ombe mgongoni, na hakuna askari aliyewahi kunikuta na kosa, isipokuwa wale walionikuta.

Mnamo tarehe 11 mwezi huu, saa tano asubuhi, nilikuwa bandani kwa dada yangu mkubwa, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa nao saba. Mmoja, Madamu, siku za karibuni alitembea kama mlevi anayeficha ulevi, na ndoo ikilia kidogo tu anaruka. Daktari wa mifugo alikuwa amemlaza kwa sindano, akakata kichwa na kukifungia kwenye pipa la bluu, ubongo ukapimwe maabara. Alisema anashuku kichaa cha ng'ombe.

Nilimuuliza ni mdudu gani huyo, maana mimi na magonjwa ya ng'ombe tunafahamiana. Akasema si mdudu. Ni protini ya mwili wenyewe iliyojikunja vibaya, na ikikutana na nzima, nayo inajikunja.

Nikasema, "Samaki mmoja akioza."

"Ndiyo," akasema, "ila huyu hata ukimchemsha anaendelea kuozesha wenzake."



Daktari alikwenda nyuma ya banda kuosha buti kwa dawa. Aliporudi, pipa halikuwepo kwenye gari lake. Akamwambia dada, "Mama, bila kichwa hakuna kipimo. Bila kipimo nitalazimika kuwahesabu wote wagonjwa. Hawa sita walikula chakula kilekile cha Madamu wakiwa ndama. Watauawa na kuchomwa."

Dada hakulia. Alichukua ufagio akafagia banda ambalo lilishafagiliwa. Ng'ombe hao ndio waliosomesha wanawe, na mimi wamenilisha kila nilipokosa safari.

Daktari alipokuwa akiwapigia ninyi simu, shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ni fundi wa friji, aliingia na pikipiki akipiga mluzi. Shemeji hapigi mluzi. Nikamvuta pembeni.

"Shem, kichwa."

"Kichwa gani?"

"Shem."

"Nimewaokoa," akanong'ona. "Hakuna kichwa, hakuna ushahidi. Watachoka, wataondoka."

Nikamweleza maneno ya daktari. Alikaa chini palepale kwenye tope.

Pipa alikuwa amelificha karakanani kwake, ndani ya friza ya mteja. Tulikwenda kwa pikipiki yake. Friza haikuwepo. Kinyozi wa mlango wa pili akasema, "Mama wa hoteli kaja na mkokoteni kaichukua. Kasema fundi amemchelewesha mno."

Hoteli hiyo inatazamana na stendi. Tulifika kama saa saba, walaji wameshajaa. Mimi nimeteremsha lori mlimani breki zimekufa na nikawa naimba, lakini pale sikuimba. Niliingia jikoni bila hodi. Pipa lilikuwa wazi, kichwa kiko juu ya ubao, na mpishi ameinua panga. Nilimdaka mkono nikaning'inia.

Mama wa hoteli akasema, "Mzee wa Lami, umekunywa? Hiyo ni nyama fundi kaniwekea kuniomba radhi kwa kunichelewesha."

"Mama, ni ya mgonjwa."

"Basi nitaichemsha mpaka jioni."

"Hata ukichemsha mpaka mwakani. Ugonjwa huu hauogopi moto wa jikoni."

Akamgeukia mpishi. "Umeonja?"

"Mbichi, mama?" mpishi akasema. "Nimekitoa tu."

Niliangalia mwenyewe, sikuona mkato zaidi ya ule wa daktari. Tulifunga kichwa, ubao, panga na aproni ya mpishi, tukaleta vyote hapa kituoni, ambako daktari alikuwa akiandikisha taarifa. Amekikagua, amesema kinafaa kupimwa.

Shemeji mmemweka ndani, sina ubishi. Ila naomba iandikwe kwamba hakuiba ale wala auze. Aliiba kwa kumpenda mkewe, na akili ikamwishia hapo.

Dada yuko kwenye benchi huko nje. Hajanisemesha tangu nilete pipa. Kichwa kikisema hapana, sita wanabaki. Kikisema ndiyo, aliyekileta ni mimi. Nina mizaha mingi, afande, ila wa kumpa dada leo sina.

Niliyoyaona na kuyafanya ni hayo, nimesomewa na nimeyakubali. Naomba niruhusiwe mapema. Ng'ombe wanatakiwa kukamuliwa, maziwa yamwagwe shimoni kama alivyoagiza daktari. Wao hawajui kama wamewekewa zuio.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika haya kama yalivyosemwa. Shahidi alikataa kiti tangu mwanzo na amesaini akiwa amesimama. Baada ya kusaini amerudi kaunta mara tatu kuuliza kama maabara wamepiga simu. Nimemweleza kwamba gari la kupeleka kichwa bado halijatoka hapa kituoni.